Mbolea ya Mashamba ya Barabarani

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka garimoshi stesheni ya Mutshatsha na baiskeli ya serikali ambayo breki zake hazikushika. Nilikuwa moniteur agricole, yaani mtu wa kuwafundisha wakulima kupanda kwa mistari na kupalilia kwa wakati, na kuwagawia mbegu na mbolea. Serikali ya Zaïre ililipia sehemu ya bei. Iliyobaki mkulima aliilipa kwa mahindi baada ya mavuno. Mkubwa wangu, agronome wa zone, yaani bwana shamba wa wilaya, alinipokea akiwa ndani ya abacost, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, iliyopigwa pasi sawasawa, akanipa amri kabla sijatua mzigo.

"Citoyen, shamba yenye haionekane ku barabara, kwetu haiko shamba."

Nilidhani ananitania. Kumbe komisere, mtawala wa zone, alikagua kilimo akiwa ndani ya jeep, na jeep haikuvuka mto. Basi mbolea ilikwenda kwa chifu na wafanyabiashara wawili waliolima kando ya njia, kwenye changarawe ambako hata magugu huota kwa kulazimishwa. Shamba la chifu lilipaliliwa kila Jumamosi kwa salongo, ile kazi ya umma isiyo na mshahara, na wapaliliaji wengi walikuwa wanawake.

Mmoja wao alikuwa Mama Kalenga, mjane aliyelea wajukuu kwa mahindi ya ng'ambo ya mto. Udongo wake ulikuwa umechoka, na msimu uliotangulia chakula kilimwishia nyumbani kabla ya mavuno. Alinisimamisha njiani, jembe begani.

"Tata moniteur, engrais ya chifu ni siye tunamwangaka na mikono yetu. Ya siye iko wapi?"

Nikamweleza ile amri iliyomnyima mbolea, na niliona aibu kuitamka. Akauliza shamba la barabarani liwe kubwa kiasi gani. Nikamjibu kwamba ukubwa hakuna aliyeutaja.

"Bon," akasema, akaenda zake.

Haukupita muda, akawa amelima kipande kando ya njia, mahali pa kutandika mikeka michache tu, mistari imenyooka kama nilivyofundisha. Wenzake wakamwiga. Nikawagawia mbolea bila kupepesa macho, maana amri ilikuwa imetimizwa. Walitia kidogo barabarani ili mahindi yawe kijani, na mifuko iliyobaki wakajitwika, wakavuka mto. Msimu ule Mama Kalenga alivuna akala, akabakiza ya kuuza. Alinialika kwake kula bukari, ugali wa mahindi yake, na sijawahi kuipenda kazi yangu kama siku ile.

Kisha komisere akapita, akaona kijani pande zote mbili za njia. Agronome akaniita ofisini kunipongeza, uso umemchangamka.

"Félicitations, citoyen. Mukubwa anasema bantu ya huku bameisha kuendelea. Engrais itaenda sasa mu zone ingine, kwenye kuko shida."

Nikamsihi avuke mto pamoja nami kwa miguu, aone mashamba yenyewe na watu wanaoyategemea. Akatazama viatu vyake.

"Mukubwa ameisha kusema," akajibu.

Nilimfuata Mama Kalenga shambani kwake na habari hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

"Tulilimia macho ya mukubwa, tata," akasema. "Macho yake imeshiba. Batoto, bao, njaa itarudia."

Nimestaafu sasa. Vijana wakiniuliza kama ruzuku ya serikali iliwafikia wakulima, nawaambia iliwafikia msimu mmoja, tena kwa ujanja wao wenyewe, na ujanja huohuo ukawanyang'anya. Kabla ya mavuno yaliyofuata, Mama Kalenga aliwapeleka wajukuu wawili kwa jamaa zake Kolwezi ili wapate kula. Mimi ndiye niliyembebea mizigo yao mpaka stesheni, kwenye baiskeli ya serikali. Alinishukuru. Angenitukana, ningelala vizuri zaidi.