Laptop kwenye Jamvi la Korosho

Barua ya chuo ilisema kila mwanafunzi wa uhandisi aje na laptop yake. Tulichaguliwa wawili, mimi na binamu yangu wa Makote, na aliyenunuliwa ni yeye. Yeye, ambaye hesabu nilimfundisha mimi! Mimi niliambiwa nisubiri korosho zetu ziuzwe.

Nilikwenda kumpongeza huku roho ikiniuma. Sikumkuta. Nilimwamkia mama yake, ambaye ni shangazi yangu, akaniambia boksi lililowa mvua kwenye bodaboda kutoka Masasi. Kwetu kitu kilicholowa hakiingizwi ndani kabla hakijaanikwa, kitaoza. Akanionyesha jamvi. Laptop ilikuwa imefunuliwa wazi katikati ya korosho, jua la saa saba likiipiga usoni.

"Itakauka vizuri, mwanangu? Wewe ndiye unayejua mambo haya."

Nilijua jua lile litaiua.

"Itakauka, shangazi."

"Basi nigeuzie upande wa pili."

Nikainama, nikaigeuza taratibu kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba," akasema. "Mungu akupe na wewe ya kwako."