Kiti cha Mhasibu

Mhasibu wa bustani ya wanyama hatii saini ombi lolote akiwa amekaa. Ukimletea karatasi ataikunja, ataitia mfukoni mwa sweta na kukwambia, "Twende tukamwone mwenyewe." Tangu wageni wapungue na hali iwe ngumu, ndivyo anavyoamua nani atangulie. Husimama mbele ya banda, mikono nyuma, akanusa, akasikiliza, kama mama mkwe aliyekuja kukagua jiko. Ombi la pampu ya bwawa la kiboko lilipita siku ileile, maana uvundo wa yale maji ulimkaba hadi kooni. Sasa hupita pale kila asubuhi bila karatasi yoyote, kiboko amrushie maji safi, naye arudi ofisini viatu vimelowa na roho kwatu. Meneja alipoomba rangi ya lango, alimpeleka langoni, wakasimama juani wote wawili. "Unalisikia likilia?" akamuuliza. Meneja alicheka, akarudi na karatasi yake.

Juzi meneja huyohuyo alimwombea yeye kiti kipya, kwa kuwa chake kimevunjika mguu na kimewekewa tofali. Mhasibu hakubisha. Aliinuka, akakizunguka, mikono nyuma, akainama akakinusa.

"Mama, huyu naye ni mgonjwa," meneja akasema.

"Mgonjwa, sikatai. Lakini hajalala njaa hata siku moja."

Akakaa taratibu, akiegemea kushoto kama alivyozoea. Kiti kikalia kwiii, chumba kizima kikasikia. Mhasibu akajifanya kiziwi, akanyoosha mkono.

"Haya, nyani wanaomba nini leo?"