Mifenesi ya Chemchemini

Shule niliishia darasa la saba, na kamera hakunifundisha mtu. Nilianza na picha za mahafali shuleni Kilakala, wasichana wakinipangia foleni. Leo picha zangu za Uluguru zimetundikwa kwenye ofisi ambazo wenye digrii wanasubirishwa nje. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Kila mwaka kabla ya masika napanda Kinole, nasimama kwenye jiwe lilelile, napiga mteremko uleule. Msitu unavyoisha, wengine wanausimulia tu. Mimi ninao kwenye picha.

Katika mteremko huo palikuwa na kipande kimoja kilichozidi kuwa kijani. Mzee mmoja aliyeoa pale alipanda mifenesi kuzunguka chemchemi, akaipandishia pilipili manga. Maji yake hayakukauka hata kiangazi kile mito ilipobaki mawe. Nyumba zote za chini zilichota pale.

Lakini kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume analima kwa mkewe. Miti aliyopanda ni yake, udongo si wake. Mkewe alifariki mwaka jana, hawakujaliwa mtoto. Baada ya arobaini ukoo ukamtaka arudi kwao Mkuyuni. Akasema sawa, naondoka na miti yangu. Akaita wapasua mbao.

Niliposikia nikapanda na picha zangu zote za pale, nimezisafisha kubwa. Nilijua hakuna atakayeziona asilainike. Nikazitandaza mkekani mbele ya kaka wa marehemu, msemaji wa ukoo, na mgane mwenyewe, yule mzee wa mifenesi, ameketi pembeni.

"Shikamoo mzee," nikamwambia msemaji.

"Marahaba. Umekuja na kamera au na mdomo?"

"Vyote. Tazama mlima mzima, kijani kiko wapi? Mwacheni akae. Miti ibaki, maji yabaki."

Akazitazama moja moja, bila haraka.

"Picha nzuri. Kumbe kila mwaka ulikuwa unamwona anavyojichimbia kwenye ardhi ya dada yangu. Sisi tulimruhusu miti ya kivuli tu, si ya mazao inayomfanya mtu adai shamba."

Mgane akacheka. "Ulitaka nipande nini, shemeji? Magimbi?"

"Ungepanda magimbi ungekuwa bado unakula hapa."

Nikamgeukia mgane. "Baba, waachie. Kuna watoto wanakunywa pale."

"Niliyempandia hayupo," akasema. "Hawa sikuwapandia. Wewe piga picha, si ndiyo kazi yako?"

Siku wapasua mbao walipoanza, nikapiga. Na nilipiga kama mimi ninavyopiga: jua la asubuhi, unga wa mbao hewani, mfenesi wa mwisho umeinama haujagusa chini, na mzee amesimama chini yake kofia mkononi. Picha ile imezunguka nchi.

Masika yakaja. Udongo ukashuka, ukaifukia chemchemi. Kaka wa marehemu akanipigia simu, safari hii kwa upole: nipande nikapige tena, wapate kuombea bomba.

Nilipanda. Wanawake walikuwa wamechuchumaa kando ya tope, wanachota kwa kikombe, wanachuja kwa kanga. Kwa kawaida watu wakiona kamera yangu hujiweka sawa. Siku ile hakuna aliyeinua uso. Mmoja alisema tu, bila kugeuka, "Baba, usikanyage hapo, unachafua."