Maji Mdomoni Chini ya Ibuye

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na mdomo usio na mlango, kwa hiyo mnisamehe kabla sijaanza: kisa hiki nitakisimulia vibaya. Ni kisa cha kunyamaza. Kuniomba mimi nisimulie kunyamaza ni sawa na kumwomba mlevi akutunzie mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Utarudi utamkuta amelala, na mtungi umekauka. Wanaokuja kunitazama jukwaani Bukavu wananijua: nikipewa nafasi ya kusema bonjour tu, nafika mpaka misa ya jioni.

Nyanya yangu, ambaye tulimwita Koko, alinibandika jina la Redio. Tena aliongeza kwamba ni redio iliyotengenezwa bila kifungo cha kuzimia.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Sisi tulikaa mjini. Papa alifanya kazi ofisini, Maman alifundisha katekisimu parokiani. Koko alikaa ufukweni mwa Ziwa Kivu, upande wa Katana, pamoja na mwanawe wa mwisho, Tonton Mugisho, kijana mwenye mabega ya kung'oa mlango wa kanisa. Mabega hayo ndiyo yalikuwa shida. Askari waliopanda milimani walikuwa wakikamata vijana wawabebee risasi na magunia, na kati ya waliochukuliwa pale kijijini hakuna hata mmoja aliyekuwa amerudi. Kwa hiyo Tonton alilala migombani, na mchana kutwa alikaa ziwani. Mtu mzima na akili zake, vita imemgeuza samaki.

Jumapili moja tulimtembelea Koko, na baada ya misa Tonton akasema atatuvusha kwa mtumbwi hadi ng'ambo ya ghuba, kwa shangazi, tukale sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. Tulijaa mle ndani: Papa na tai yake ya misa, Maman, Koko, dada yangu Furaha aliyekuwa na mafua, mimi, na binamu zetu wadogo waliobanana kama sambaza wenyewe. Tonton alikaa nyuma na kasia lake.

Njiani kuna jiwe kubwa lililoinamia maji kama paa la nyumba. Wavuvi waliliita Ibuye, maana yake jiwe tu kwa Kimashi, utadhani Kivu nzima haina jiwe jingine. Chini yake hakuna mtu aliyesema neno. Waliamini ziwa lina mwenyewe, naye hulala pale pale. Sauti ya mtu ikimwamsha, anaushika mtumbwi na hauachi tena. Ili ulimi usikuponyoke, ulichota maji ya ziwa kwa kiganja, ukayatia mdomoni, ukayashika mpaka jiwe likapita, ndipo ukayarudisha majini. Ukiyameza umeiba. Ukiyatema mapema umemtukana mwenyewe.

"Muchote," Koko akasema.

Maman akacheka. "Mama, siye si tuko bakristu? Asubuhi hii tu tulipokea komunio, sasa na maji ya Ibuye juu yake?"

"Komunio ilikuwa ya mbinguni. Huku tuko ku maji. Chota, muke wa mwana wangu. Na weye Redio, chota mara mbili."

Tukachota wote. Mtumbwi ukaingia kwenye kivuli cha jiwe, nami nikafanya kosa la kumtazama Papa. Mtu ambaye ofisini kwake watu walisimama akiingia, alikuwa amevimba mashavu kama chura anayejiandaa kupiga tarumbeta, na tai shingoni. Kicheko kikanipanda. Nikajaribu kuwaza motoni kwa shetani, kama Maman alivyotufundisha. Shetani naye akaja na mashavu yamevimba.

Hapo tukasikia buti juu ya jiwe.

"Tutatoa wapi bantu ya kubeba hii mizigo?" sauti moja ikasema, juu ya vichwa vyetu kabisa. "Bijana bote banakimbia."

"Tungojee hapa. Mutumbwi itapita tu. Mu mutumbwi hakukosi kijana ya nguvu."

Tonton aliacha kupiga kasia. Akaunyoosha mkono, akashika mzizi uliotoka kwenye ufa wa jiwe, akatubana pale ukutani. Mbele yetu maji yalikuwa wazi, nyuma yetu wazi vilevile. Tungetoka chini ya lile paa tu, tungeonekana kama nzi kwenye maziwa. Kwa hiyo tulikaa. Kutema hatuwezi, maana jiwe bado liko kichwani. Kumeza hatuwezi. Kukohoa, ndiyo usiwaze kabisa.

Maji yalianza baridi, yakawa vuguvugu, kisha yakaanza kuongezeka. Hakuna aliyenionya kwamba mate nayo yatataka kuingia kwenye mkutano. Pua ya Furaha, kwa yale mafua, ikaanza kupiga filimbi nyembamba kila akivuta pumzi. Koko akamvuta kifuani, akamfunika na kitenge chake chote, filimbi ikabaki ndani ya kitambaa. Binamu yetu mdogo kuliko wote alilia, lakini alilia kwa macho peke yake, mashavu yamejaa, machozi yakidondoka kidevuni bila hata kwikwi moja. Nikamtazama Tonton. Kidole gumba alichoshikia mzizi kilikuwa kimepauka.

Watu hudhani hofu hufukuza kicheko. Mimi ni shahidi: hukaa nyumba moja, na siku ile vyote viwili viligombania kutokea mdomoni mwangu. Nilijua kabisa kwamba nikipasuka, Tonton ataondoka na magunia mgongoni na hatutamwona tena. Lakini, na hili naona aibu kidogo kuliandika, sikumwogopa askari kama nilivyomwogopa yule aliyelala chini ya maji. Askari nilikuwa nimewazoea. Kila siku tulipita kwenye vizuizi vyao tukienda shule, tukiongea na kuchekeana. Mwenyewe wa ziwa ndiye sikuwa nimemzoea.

Askari mmoja akateremka hadi ukingoni. Tukamsikia akifungua mkanda, na mara mkojo ukaanza kumwagika toka juu, ukashuka karibu na mtumbwi, ukasogea na upepo, ukasogea tena, ukatua kwenye tai ya Papa. Papa hakutikisika. Nimesoma uigizaji, nimefanya kazi na mabingwa. Sijaona mtu akishika nafasi yake jukwaani namna ile.

Kisha askari akainama kufunga mkanda, na akatuona.

Alikuwa wa umri wa Tonton, bunduki mgongoni. Alitutazama mmoja mmoja, akafika kwenye yale mabega, akasimama hapo. Koko akainua mkono taratibu. Akagusa shavu lake lililojaa, kisha akaonyesha maji kwa kidole. Basi.

"Weye! Unaangalia nini kule?" mkubwa wake akaita.

Hakujibu.

"Si ninakuuliza!"

Yule kijana alivuta pumzi, akavimbisha mashavu yake, hewa tupu, hakuwa na maji. Akarudi nyuma hivyo hivyo, hatua kwa hatua, macho kwetu, mpaka jiwe likamficha. Tukasikia kofi. Kofi la kweli, lile la kuacha vidole.

"Chef anauliza, weye unanyamaza? Iko nini kule chini?"

"Maji, chef. Maji tu."

Mvua ndiyo iliyowaondoa. Buti zilipokwisha kabisa, Tonton akauachia mzizi, mtumbwi ukateleza ukatoka kwenye kivuli, nasi tukatema karibu wote kwa pamoja, tukakohoa, tukalia, tukacheka. Koko aliyarudisha yake polepole, akayaambia, "Aksanti." Maman alitema wa mwisho. Akajifuta, akafanya ishara ya msalaba, akauliza kwa sauti ya mwanafunzi:

"Mama, tukirudi, tunachota tena?"

Papa alikuwa anakamua tai yake. "Ile soda," akauliza, maana kwetu askari ni soda, "Mama, aliogopa ziwa ao alituhurumia?"

"Ni mutoto wa ku maji," Koko akajibu. "Mama yake alimufundisha."

"Sawa, lakini ni gani kati ya hizo mbili?"

"Nani alikuambia ziko mbili?"

Tonton sasa ni mzee mwenye kitambi na wajukuu, na mabega yake hayatishi hata kuku. Swali la Papa nimelibeba miaka yote, na kila nikizeeka nalielekea jibu la Koko. Sijui kama kuna mtu amelala chini ya Ibuye. Najua kwamba siku ile kila mwenye bunduki alikuwa na amri yake, na hakuna hata amri moja iliyomfikia yule kijana kabla ya ile aliyopewa na mama yake akiwa mtoto. Huwa nawaza lile kofi. Lilikuwa letu, alilipokea yeye.

Juzi niliwapeleka wanangu pale, kwa mtumbwi wa injini. Mwendeshaji akazima, wote wakachota, naye pia, isipokuwa mimi msimulizi, tukaingia kivulini. Nikawaonyesha ufa. Nikawaigizia mzizi, buti, filimbi ya pua ya Furaha, mkojo na upepo wake. Nikaigiza Papa. Jiwe likapita, wakatema, na binti yangu mkubwa akajifuta kidevu.

"Papa, siye bote tulinyamaza. Bale basoda bangekuwa bado kule juu, ni weye ungetuuzisha."

Nikamgeukia mwendeshaji anitetee. Akatema maji yake, akasema, "Angetuuzisha mbele hata ya kufika ku jiwe."

Sikuwa na neno la kujibu, na hata hilo nililisema kwa sauti.