Goti Langu Lilipokataa Kuchuchumaa

Mimi ni Mama Lusajo wa Masoko, na wanaonijua wanajua sikujaliwa kutulia. Kabla sijaumia, jua lilikuwa linanikuta nimeshapalilia kahawa na mkungu wa ndizi uko kichwani naelekea barabarani. Mume wangu akisema, "Haraka haraka haina baraka," namjibu, "Hizo baraka zako zinapikwa na haraka zangu."

Asubuhi moja ya mvua niliteleza kwenye mteremko. Mkungu ulienda njia yake, mimi nikatua kwa goti juu ya jiwe. Hospitali wakasema pia ya goti imepasuka. Nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia pajani hadi kifundo cha mguu. Wiki sita nilikuwa nimelala nahesabu mabati. Mguu uliwasha, ukanuka, nami nikawa mkali kwa kila mtu.

Siku ya kufunguliwa hogo nilijua ndiyo nimepona. Kumbe! Paja limesinyaa, ngozi inabanduka magamba, goti limekakamaa kabisa. Kwa fimbo nilitembea, ila kuchuchumaa sikuweza. Na choo chetu ni cha shimo.

Naomba niseme wazi, maana wengi tunaficha. Tusekile, mke wa mwanangu, ndiye aliyenishika kwapani chooni huku mguu mmoja nimeunyoosha mbele. Mara nyingine nilijichafua, naye akaniosha. Hakununa hata siku moja. Mimi mama mkwe mzima ndiye niliyelia kwa aibu. Nilitaka jambo moja tu duniani, kwenda chooni peke yangu.

Nikapelekwa Tukuyu mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole. Akanielekeza nianze na taulo la moto juu ya goti. Kisha nikunje kitenge, nikiweke chini ya goti, nikandamize huku nimekaza paja, nihesabu hadi kumi, niachie. Halafu nivute kisigino taratibu kuelekea makalio, nikisikia msuli unavutika niishie hapo. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

"Kumi tu?" nikauliza.

"Kumi tu, mama. Msuli haupelekwi mbio."

Nikamwona hajui kazi. Nyumbani nikafanya mia. Siku ya tano nikashika nguzo ya jiko, nikajikalisha chini kwa nguvu zangu zote. Maumivu yalinipanda hadi kwenye meno. Goti likavimba, likawa la moto, na ule mkunjo mdogo niliokuwa nimeupata ukapotea. Niliogopa kweli. Nilijiona mtu wa kushikwa kwapani mpaka kufa.

Nikarudishwa Tukuyu, kijana akalitazama goti. "Mama, nani alikwambia ufanye mia?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi ngoja nimtibu huyo kwanza. Goti baadaye."

Akanipumzisha wiki nzima, na vitambaa vya maji baridi. Tuliporudia mazoezi, Tusekile akapewa kazi ya kuhesabu.

"Kumi imetimia, mama."

"Bado!"

"Imetimia. Lete kitenge."

Ananinyang'anya, anaondoka nacho. Nikabaki nimekasirika, vidole vinapiga mkeka. Kila asubuhi nilipima kwa shibiri nafasi kati ya kisigino na makalio. Miezi ilipita. Shibiri mbili zikawa moja na nusu, kisha moja, kisha vidole vinne.

Siku hiyo nilimwambia Tusekile abaki nje ya choo. Nikashika ukuta, nikashuka. Goti likalia, paja likatetemeka, lakini nikafika chini. Nikamaliza haja yangu, nikainuka mwenyewe, nikaanza kulia kwa sauti.

"Mama, umeanguka?"

"Nimechuchumaa!" nikapiga kelele, na majirani wote wakasikia.

Ndaga fijo, asante sana, kwa Mungu, na kwa yule kijana aliyenivumilia. Wewe uliyetoka kufunguliwa hogo jana, usikae nyumbani ukisubiri goti lijikunje lenyewe, na usilipige vita kama nilivyofanya mimi. Ukiambiwa kumi, fanya kumi. Na mtu akikuosha, mwache akuoshe, aibu haitakuua.

Mwezi uliopita Tusekile alijifungua kwa kupasuliwa, na kuinama bado hawezi. Kila asubuhi nachuchumaa mbele yake na beseni, namwosha miguu. Anaona haya, ananiambia, "Mama, inuka bwana." Namwambia atulie.