Simu Mbili za Bure

Tulitoka nyumbani Ilford alfajiri, mimi na Mama, na hadi adhuhuri ubao wa uwanja wa ndege ulikuwa bado unasema ndege ya New York imechelewa. Dada yake, tuliyemwita Mama Mkubwa, alikuwa amefariki huko, na Mama alikuwa anakwenda kumwosha. Msikitini kwetu ndiye anayeitwa kila mwanamke akifa. Ameosha hata majirani ambao hawakuwa wakimsalimia.

Mimi nikawa nasoma bango la haki za abiria.

"Mama, tuna haki ya chakula. Na simu mbili za bure, kama wafungwa."

"Nyamaza."

"Na faksi. Ukitaka kumpelekea mtu faksi, useme."

Nilikuwa nafanya makusudi. Akinigombeza, angalau anakuwa na kazi.

Haki ya kuhamishiwa ndege nyingine tuliidai pia. Binti wa kaunta alitafuta kweli, lakini zote zilikuwa zimejaa, na yetu haingeruka kabla ya jioni. Hapo simu ya Mama ikalia. Alikuwa binamu yangu, binti wa marehemu.

"Mama mdogo, tukungoje? Tuzike kesho?"

Mama alifumba macho. "Asingojeshwe kwa ajili yangu. Mwosheni leo."

"Mimi sijui kuosha! Basi nikuweke kwenye video unielekeze."

"Kamera? Juu ya mama yako? Usithubutu!"

Binamu akasema basi simu yake ataiacha nje; chumba cha kuoshea kina simu ya waya ukutani, yenye kipaza sauti, ila ni ya kupokea tu. Kifurushi cha Mama hakipigi Marekani, changu ndiyo kabisa. Saa ya kuosha ilipofika nikamshika Mama mkono hadi kaunta.

"Simu mbili," nikamwambia yule binti kwa Kiingereza. "Ni haki yetu."

Akasema hajawahi kuona mtu akiziomba. Nikamwambia faksi tutakuja kuidai baadaye. Kisha nikamweleza simu ni ya nini. Akamtazama Mama, akatugeuzia simu yake ya mezani.

"Mfunike kwanza," Mama akaanza. "Kitovu hadi magoti, na shuka isitoke. Maji yawe vuguvugu, yajaribu kwa mkono wako. Haya, bismillahi. Upande wa kulia, mwanangu. Taratibu. Usimgeuze kama gunia."

Mkono wake ulikuwa unapita juu ya kaunta, unakwenda na kurudi. Nyuma yetu foleni ilikuwa imerefuka. Mwanamume mmoja akaguna, nikageuka nikamwambia hapa ni foleni ya faksi. Kisha nikamgeukia Mama, maana sauti yake ilikuwa imeanza kukatika.

"Kafuri kwenye maji ya mwisho. Umeweka? Sasa nywele. Msuke mikia mitatu." Vidole vyake vikasuka hewani. "Usikaze. Yeye alikuwa akinisuka mimi, ananikaza hadi nalia, kisha ananipa peremende nisimsemee kwa bibi yako. Wewe usimkaze."

Alisubiri hadi binamu alipomwambia tayari. Akaomba dua, akarudisha simu mahali pake.

"Mmebakiwa na moja," yule binti akasema.

Nikamtafsiria Mama, japo alikuwa ameelewa.

"Mwambie ampe mwingine," akasema. "Na wewe kachukue hicho chakula chako cha haki, hujala tangu asubuhi."

Mikono yake ilikuwa mikavu. Aliifuta kwenye baibui, mmoja kwanza, kisha wa pili.