Mama, Meja na Mkanda wa Ngozi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye mashamba ya walowezi kule juu Mau Narok, mtoto alijua kumpikia mbwa kabla hajajua kupika chai. Chai ilitaka sukari, na sukari haikuwa kitu cha kuchezewa na watoto. Lakini debe la mbwa lilikuwa pale kila asubuhi, nyuma ya zizi la farasi, juu ya mafiga matatu meusi tititi, na mimi Rasoa, kifungua mimba, ndiye niliyechochea moto. Wenzangu wa rika langu wataikumbuka baridi ya kule. Umande uliganda ukawa mweupe juu ya nyasi, na miguu yetu haikujua viatu. Tulikuwa tukitafuta ng'ombe aliyelala, tunamwamsha, kisha tunasimama pale alipoacha joto. Wasimulie wajukuu wako hayo leo, watakuuliza kwa nini hamkununua soksi.

Baba alikuwa mtunza mbwa wa Bwana, mlowezi mwenye shamba. Alitoka Maragoli akiwa kijana, akaja kutafuta kazi ya kuvuna ngano, na kwa kuwa hakuogopa mbwa, akapewa mbwa. Walikuwa wawili. Kapteni alikuwa mzee mtulivu aliyependa kulala juani. Meja alikuwa kijana, rangi ya udongo mwekundu, na katikati ya mgongo alikuwa na mstari wa manyoya yaliyolala kinyume na mengine. Akisimama, kichwa chake kilinifika kifuani, na mimi nilikuwa na miaka kumi.

Debe lile lilipikiwa posho, vichwa vya kondoo, mapafu na mifupa, kisha likaongezwa maziwa yaliyokwisha kutolewa krimu. Harufu yake ilitutesa. Nyumbani tulikula ugali kwa mrenda, nyama tukaiona Krismasi, na mimi nilikuwa nakoroga nyama kila siku ya Mungu kwa ajili ya mbwa. Sitasema uongo kwamba sikuwahi kulamba mwiko. Baba alikuwa na sheria zake: mbwa atembezwe kwanza, apumzike, ndipo ale. "Mbwa mkubwa akishiba usimkimbize," alituambia. "Tumbo litajipinda, na kesho utamzika."

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, ya vita vya kupigania uhuru. Majirani zetu Wakikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kupelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa, na marafiki zangu wawili wa kuruka kamba walikwenda nao. Sikuwaona tena. Walowezi waliobaki walifuga mbwa wakubwa kwa sababu ya hofu, na sisi wafanyakazi tuliwaogopa mbwa hao kwa sababu tulijua walifugwa kwa ajili ya nani. Mama yangu aliwaogopa kuliko wote. Alikuwa na kovu la kuumwa na mbwa kwenye shavu la mguu tangu usichana wake, na baba akija nyumbani na Kapteni, mama aliingia ndani akafunga mlango hadi mbwa aondoke.

Mwaka huo, baada ya mvua ndefu, baba alishikwa na nimonia. Alikohoa siku tatu, siku ya nne hakuweza kusimama. Walimpakia kwenye lori la maziwa, akapelekwa hospitali Nakuru, mama akabaki amesimama njiani hadi vumbi likatua. Kazi ya mbwa ikapewa wavulana wa zizi, ambao walimshika Meja kwa mnyororo na kumvuta kwa nguvu zao zote, naye akavuta kwa nguvu zake zote, na kwa kuwa zake zilikuwa nyingi, ndiye aliyewatembeza. Shingo yake ikachubuka. Akawa mkali kwa mtu yeyote aliyeshika mnyororo.

Siku moja Memsabu, mke wa Bwana, alitaka kumtembeza mwenyewe. Aliuzungusha ule mnyororo mkononi mara mbili ili asiponyokwe. Sungura akakatiza njia. Meja alimburuta hadi kwenye ua wa miiba wa mkeyapo, na tulipofika Memsabu alikuwa ameketi chini, uso mweupe kama unga, kifundo cha mkono kimevunjika.

Bwana aliwaita wafanyakazi wote uani. Mama alikuwa mbele, mdogo wangu mgongoni.

"Hii mbwa iko nguvu, hapana iko akili," Bwana alisema kwa Kiswahili chake. "Jumamosi mimi piga yeye risasi. Na hapana taka mtu ya mbwa tena."

Nyapara wetu, Mzee Cheruiyot, alimtazama mama kisha akaangalia chini. Sote tulielewa. Nyumba tuliyolala ilikuwa nyumba ya mtu wa mbwa. Pasipo kazi hiyo, baba angetoka hospitali akute mwingine anaota moto wetu.

Mama akasema, "Bwana, ngoja kidogo. Nipe wiki mbili nimfundishe."

"Wewe? Wewe mwanamke."

"Ndiyo, Bwana. Wanaume wamejaribu."

Mzee Cheruiyot alikohoa ili asicheke. Bwana alimtazama mama, akasema, "Wiki mbili. Kama bado, bunduki. Na nyumba, tutaona."

Kule bombani wanawake hawakumwacha. "Mama Rasoa, unaokoa mbwa anayefugwa atuume?" mmoja alimuuliza. Mama aliinua ndoo yake, akajitwisha, ndipo akajibu: "Mbwa hakuomba kuzaliwa kwa Mzungu. Nami sikuomba mume wangu augue."

Alianza na chakula. Alibeba karai la posho hadi kwenye banda, mimi nyuma yake, na kwa hofu alimwaga mchuzi njia nzima. Meja aliruka. Mama akainua karai juu, akageuka, akampa mgongo. Meja akazunguka mbele, akaruka tena. Mama akageuka tena. Walicheza ngoma hiyo hadi jasho likamtoka mama kwenye ile baridi, na mwishowe Meja alichoka, akaketi. Hapo hapo karai likashuka chini. "Hapa chakula hakinyang'anywi," mama alimwambia kwa Kimaragoli. "Hata wanangu hukaa chini kwanza." Siku ya tatu Meja alikuwa anaketi mara tu aonapo karai, na mama alikuwa hamwagi mchuzi tena.

Kisha akautupa ule mnyororo. Alimwomba fundi wa hatamu kipande cha ngozi ya ng'ombe, mkanda mrefu wa aina ya ule wa kufungia maksai, na kwenye kola akashonea kitambaa cha blanketi kuukuu ili shingo ipone. Mkanda aliushika kwa mikono miwili, ukipita kiganjani, haukuzungushwa hata mara moja. Mfukoni mwa aproni aliweka vipande vya mapafu ya kuchemsha.

Mafundisho yenyewe yalikuwa ya kuchekesha kwa aliyetazama. Meja alivuta, mama akasimama. Hakumrudisha nyuma wala kupiga kelele, alisimama tu kama nguzo ya ua, magoti amekunja, visigino ardhini. Meja alivuta, akakohoa, akashangaa. Baada ya muda aligeuka kuona kulikoni, na alipogeuka mkanda ukalegea. Mama akampa kipande cha pafu, akapiga hatua moja. Meja akavuta. Mama akasimama. Siku ya kwanza, kutoka bandani hadi geti, mahali ambapo mimi ningefika kabla hujamaliza kuniita, walichukua asubuhi nzima. Wavulana wa zizi waliegemea ua wakiwatazama.

"Mama Rasoa, unangoja basi?"

"Nangoja mbwa," alijibu, bila kugeuza kichwa.

Nami nilikuwa na kazi. Meja alipoanza kutembea vizuri, mama aliniambia nipite mbele yake nikiwa na kuku kwapani, kwanza mbali, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Huyo kuku alinichukia hadi siku alipochinjwa. Lakini ilifika wakati nilipita hatua tatu mbele ya pua ya Meja, kuku akipiga kelele, na Meja akamtazama kuku, akamtazama mama, akachagua mama.

Halafu ikaja Alhamisi ya wiki ya pili. Tulikuwa kando ya shamba la ngano lililovunwa, na kanga waliruka kutoka kwenye mabua, kundi zima, chini ya pua ya Meja. Aliondoka kama risasi. Mama hakuachia. Meja alimvuta juu ya yale mabua yaliyokatwa, makali kama visu, umbali kama wa kutoka bandani hadi geti, hadi mkanda ukanasa kwenye kisiki. Nilipowafikia, goti la mama lilikuwa limepasuka na gauni lake limeingia damu. Meja alikuwa amesimama juu yake anamlamba uso, na mama amefumba macho.

Jioni aliosha goti kwa maji ya chumvi. Nilishika bakuli huku nikilia. Nilimwambia, "Mama, mwache. Wampige risasi. Twende zetu Maragoli."

Alimaliza kufunga kitambaa. "Hakunivuta kwa ubaya, Rasoa," alisema. "Alisahau. Wewe hujawahi kusahau?"

Asubuhi yake alikwenda bandani akichechemea, akaanza tena upya: hatua moja, simama. Hatua moja, simama. Nilidhani Meja angecheka na wale wavulana. Badala yake alitembea polepole kuliko siku zote, kana kwamba alijua mtu wake ana mguu mmoja mbaya.

Jumamosi tulikusanyika uani. Bwana alikuwa na bunduki mkononi, Memsabu kando yake, mkono ukiwa kwenye plasta. Mama alivaa gauni lake la kanisani. Alitoka bandani na Meja kushotoni, mkanda umelegea ukining'inia kama tabasamu, wakaenda hadi geti wakageuka. Na pale walipogeuka, bata mzinga wa Memsabu wakatokea jikoni, saba, wakijitanua na kupiga kelele.

Meja akasimama. Niliona misuli ya mapaja yake ikitetemeka. Akapiga hatua moja kuwaelekea, mkanda ukakaza, na mama akasimama pale pale juu ya goti lile bovu. Nilihesabu bata mzinga mara mbili ili nisimtazame Bwana. Kisha Meja akashusha kichwa, akarudi nyuma, akaketi juu ya mguu wa mama.

Mimi nilidhani yameisha. Mama hakudhani hivyo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Memsabu, akamnyooshea mkanda.

"Memsabu, shika. Hapana zungusha mkononi. Yeye akivuta, wewe simama."

Memsabu alirudi nyuma. "Mimi naogopa," alisema, karibu kwa kunong'ona.

"Mimi pia naogopa," mama alisema. "Tangu zamani."

Nadhani lile neno ndilo lililomfanya Memsabu anyooshe mkono wake mzima. Walizunguka ua wote watatu, Memsabu akishika mkanda, mama akitembea kando bila kugusa chochote. Walipokaribia bata mzinga Memsabu alisimama mwenyewe, kabla hajaambiwa. Waliporudi macho yake yalikuwa na machozi. Bwana alitoa risasi kwenye bunduki, akazitia mfukoni. "Mzuri," alisema. "Endelea kazi." Basi. Lakini tangu siku hiyo, kondoo akichinjwa, Memsabu alituletea kichwa kimoja, akisema waziwazi ni cha watoto si cha mbwa. Nimekula mengi maishani, hata kwenye mahoteli, lakini sijala supu kama ile.

Baba alirudi mwezi uliofuata, amekonda, koti limemzidi. Alipoteremka kwenye lori alimkuta mke wake, yule wa kufunga mlango, anamngoja barabarani na Meja ubavuni. Alisimama akawatazama. "Cheruiyot," alimwambia nyapara, "kumbe kuugua kwangu ni kuachishwa kazi na mke wangu." Tulicheka hadi akaanza kukohoa. Kuanzia hapo waliifanya kazi ile pamoja, baba akimtembeza Kapteni na mama akimtembeza Meja, hadi mbwa wote wawili walipokufa kwa uzee. Meja alizikwa na mama. Alichimba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Sasa naishi Nakuru mjini, na nyumba yangu inatazama barabara ambako vijana hutembeza mbwa wao. Yaani, mbwa huwatembeza vijana. Mbwa ana kamba ya mpira ya rangi rangi, kijana ana simu, na mbwa ndiye anayejua wanakwenda wapi. Juzi mmoja aliburutwa hadi kwenye geti langu. Nikamwambia, "Kijana, akivuta simama." Akaniita bibi kwa lugha yao, "Shosho, huyu ako na trainer, analipwa kila wiki." Nikamwambia basi mwombe huyo mwalimu wa mbwa akufundishe na wewe. Alicheka, akaweka simu mfukoni, tukajaribu, mimi na fimbo yangu na yeye na mbwa wake, hatua moja baada ya nyingine. Alipoondoka aliniambia asante mara tatu.

Siku hizi watoto wanajua kushukuru. Wanaandika, wanatuma maua na picha za mioyo, na siwezi kuwabeza kwa hilo, maana katika hilo wametushinda. Mimi mama yangu aliyemwaga damu yake kwenye mabua ili baba apate pa kurudi, sikumwambia kitu. Enzi zetu mtoto hakumwambia mama yake asante. Ulisubiri amalize kula, ukachukua sufuria, ukaenda nje kuisugua kwa majivu hadi ing'ae, naye akiikuta imeng'aa, alikuwa amesikia.